Kufufuliwa kwa Mujibu wa Fomu

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye nembo, muhuri na sahihi mbili, kwamba kuanzia tarehe mosi Aprili hakuna mzee yeyote katika makao ya wazee atakayetibiwa, kuachwa bila kutibiwa, kuhamishwa wala kufa kinyume cha matakwa yake. Matakwa hayo yangeulizwa, yangeandikwa, yangetiwa sahihi au dole gumba, na yangehifadhiwa katika faili ya kijani. Waraka ulieleza kwamba heshima ya binadamu haina umri. Ulieleza pia kwamba faili za kijani makao yangejitafutia yenyewe.

Katika Makao ya Wazee ya Pumziko, nje kidogo ya Awendo, ambako vumbi la malori ya miwa huingia vyumbani bila kupiga hodi, kazi hiyo alipewa Orpah Nyatichi. Si kwamba alikuwa na cheo. Alikuwa msaidizi wa wauguzi, yaani mtu anayewageuza wagonjwa kitandani, anayewaosha, anayewalisha uji, na anayelaumiwa uji ukimwagika. Alipewa kwa sababu mwandiko wake ulisomeka, na kwa sababu angeweza kumuuliza mtu swali lilelile kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa Kikisii, na hata kwa Kikuria akipewa muda.

Lugha hizo hakuzitafuta, zilimpata. Wazazi wake walitoka Kisii wakahamia Kendu Bay kuuza ndizi, naye akakijua Kijaluo sokoni kabla hajajua kwamba ni lugha ya watu wengine. Akaolewa Awendo na Mayaka, dereva wa lori la miwa, mwanamume mpole aliyefanya kila kitu kwa haraka isipokuwa kuamua. Mayaka alikufa barabarani asubuhi moja, chai yake ikiwa bado mezani. Hakuna aliyewahi kumuuliza alitaka nini. Wakati huo Orpah alikuwa na miaka thelathini na minne. Sasa ana hamsini na mbili, ni shemasi katika kanisa la Wasabato, na katika miaka yake kumi na minne ya Pumziko amewafumba macho wazee wengi kuliko anavyopenda kusema.

Fomu ilikuwa na maswali tisa. La kwanza liliuliza jina, la pili dini, la tatu nani apigiwe simu. La nne lilisema hivi: *Endapo moyo wako utasimama, je, ungependa kufufuliwa? NDIYO / LA. Tia alama moja tu.*

Fomu ya asili ilikuwa ya Kiingereza, na hapo penye swali la nne palikuwa na neno refu la kitabibu lenye maana ya kumbana mtu kifua, kumpulizia pumzi na kumpiga shoti ya umeme mpaka moyo ukubali. Mfasiri, ambaye jina lake halikuchapishwa, alitafuta neno moja la Kiswahili la kubeba mzigo huo wote, akalipata, akaenda zake nyumbani.

Pumziko lilikuwa na wazee thelathini na mmoja. Ishirini na sita walikuwa Wasabato, wanne Wakatoliki, na mmoja alikuwa Wangwe. Msabato anaamini kwamba aliyekufa amelala, tena amelala kabisa, hasikii wala hajui, hadi parapanda itakapolia na makaburi yafunguke. Kumuuliza mtu wa namna hiyo, mwenye miaka themanini, kama angependa kufufuliwa, ni kumuuliza kama maisha yake yote alikuwa akifanya mzaha.

Mzee Onchiri, aliyekuwa mzee wa kanisa kwa miaka arobaini, alivua kofia kabla ya kujibu.

"Ndiyo," alisema. "Andika kwa herufi kubwa."

"Iko kwa herufi kubwa tayari, baba. Mimi natia alama tu."

"Basi tia mbili."

Orpah alitia moja, kwa kuwa maelekezo yalisema moja. Mama mmoja Mkatoliki kutoka Homa Bay aliuliza kama watafufuliwa kwa zamu au wote pamoja, na kama ni kwa zamu, je, wale wa Homa Bay ni siku gani. Orpah hakuona ajabu. Yeye mwenyewe alilisoma swali la nne kama wao walivyolisoma, akashukuru moyoni kwamba hatimaye kuna ofisi inayouliza mambo ya maana.

Shida ilikuja kwa Wangwe. Huyu alikuwa Mkuria wa Kehancha, mkulima wa tumbaku aliyekuwa na ng'ombe wengi, ambaye alikuwa amealikwa kanisani mara nyingi hata akawa anahesabu mialiko kama kuhudhuria.

"Nifufuliwe nirudi wapi?" aliuliza.

"Urudi tu, mzee. Uishi."

"Niishi hapa?"

"Nadhani hata hapa patakuwa pamebadilika."

Wangwe aliliangalia bakuli lake la uji. "Andika La. Mimi nikikufa, nimekufa. Ng'ombe yangu ishagawanywa, mke wangu alishaenda, sasa nirudi kukunywa uji hii?"

Orpah alitia alama kwenye La kwa mkono mzito, na jioni hiyo akamweka Wangwe katika maombi yake, kati ya wagonjwa na wasafiri. Kati ya watu thelathini na mmoja, ndiye peke yake aliyejibu swali lililoulizwa.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu Bitutu. Alikuwa na miaka themanini na sita, moyo uliochoka, miguu iliyovimba, na sauti ya mtu aliyefundisha Kiswahili katika shule za msingi za Migori kwa miaka thelathini na saba. Kila aliyeingia chumbani mwake alitoka amesahihishwa. Aliichukua fomu, akaisogeza karibu na uso.

"'Kufufuliwa,'" alisoma. "Kitenzi kimenyambuliwa vizuri. Nani aliandika hii?"

"Ni ya ofisini, Mwalimu."

"Amejitahidi. Tia Ndiyo." Akarudisha miwani mfukoni. "Mume wangu Mogaka amelala tangu mwaka wa themanini na tisa. Mimi niseme La, yeye aamke peke yake, amuulize nani niko wapi? Wewe?"

Pumziko likawa makao ya kwanza kumaliza zoezi. Kilikuja cheti cha pongezi, na mkurugenzi, Bwana Angwenyi, aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, akakitundika ukumbini mahali ambapo mtu asingeweza kula bila kukiona.

Katikati ya Juni, saa nane mchana, Mzee Onchiri alianguka kutoka kwenye kiti chake cha varandani. Orpah alipiga kengele. Alikuja Wesley, tabibu wa makao, kijana wa miaka ishirini na saba ambaye kila mtu alimwita daktari kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Wesley alikuwa amepelekwa semina ya siku mbili Kisumu juu ya jambo hilihili. Alipapasa shingo ya Onchiri, akasema, "Sista, niletee faili."

Orpah alileta. Wesley alifungua swali la nne, akaona alama, akapiga magoti.

Alimbana kifua kwa dakika ishirini na tano. Orpah alikuwa amesimama na faili ya kijani kifuani, na alisikia mbavu za mzee zikivunjika, moja, halafu mbili kwa pamoja. Alidhani Wesley atasimama. Wesley hakusimama, jasho likimtiririka hadi kwenye ncha ya pua, kwa sababu fomu ilisema Ndiyo na yeye alikuwa kijana mwaminifu. Kisha Onchiri akavuta pumzi, akalia. Hakulia kwa maneno. Ilikuwa sauti moja ndefu, na ilifika kila chumba.

Ambulensi ilimchukua hadi hospitali ya rufaa. Orpah alikwenda kumwona siku ya tatu. Alikuwa na mrija kooni, na mikono yake yote miwili imefungwa kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda.

"Kwa nini mmemfunga?" Orpah alimuuliza muuguzi wa pale.

"Anang'oa mrija. Tukimfungua tu, anang'oa."

Onchiri alimtazama Orpah. Hakuweza kusema, lakini alimtazama kama mtu anayetazama karani aliyekosea jina lake. Alikufa siku ya tano. Kwenye mazishi Bwana Angwenyi alisema kwamba Pumziko lilifanya yote ambayo marehemu aliyataka, na waombolezaji wakaitikia amina.

Orpah hakuitikia. Alikuwa amesimama nyuma, na ndipo neno lile likamgeukia mbele ya macho, kama nguo inavyogeuzwa ukaona mshono. Wazee ishirini na tisa waliobaki walikuwa wameweka alama kwenye kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekitaka, na mkono uliotia alama hizo ulikuwa wake.

Kesho yake alikwenda ofisini.

"Bwana Angwenyi, lile swali la nne watu hawakulielewa."

"Walijibu?"

"Walijibu."

"Basi walilielewa. Mtu hajibu asichokielewa."

"Wazee wetu hujibu hata redio."

Angwenyi hakuwa mtu mbaya. Aliweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka mwisho, na alipofika kwenye mikono iliyofungwa alitazama dirishani. Kisha akasema, "Orpah, tumepeleka fomu zote. Tumepewa cheti. Nikiandika leo kwamba wazee wangu walidhani wanaulizwa habari za Yesu, watasema hatukuwauliza vizuri. Na nani aliwauliza?"

"Ni mimi."

"Mimi sikulisema hilo, umelisema wewe." Akafungua waraka, akatafuta kwa kidole. "Mapitio ni kila mwaka, Aprili. Kabla ya hapo, fomu hubadilishwa tu kama mzee mwenyewe ataomba, na ataandika kwa mkono wake. Si kwa wako. Wako umeshaandika vya kutosha."

Waliobaki na mkono unaoandika walikuwa wachache. Wengi walikuwa wa dole gumba, na wengine walikuwa wameshasahau kwamba waliulizwa. Lakini asiyeweza kungoja Aprili alikuwa mmoja. Wesley alikuwa amemwambia waziwazi: moyo wa Mwalimu Bitutu haungefika Desemba.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeanza. Orpah alikuwa akimpaka mafuta miguuni.

"Onchiri alifufuliwa?" aliuliza.

"Alifufuliwa, Mwalimu."

"Nilimsikia kupitia ukutani. Miaka hii yote nimefundishwa habari za ufufuo, sijawahi kuambiwa kuna ufufuo wa kulia."

Orpah alifunika chupa ya mafuta. Alimweleza kila kitu, mbavu, mrija, bandeji, na swali lilikuwa na maana gani kule lilikotoka. Ilikuwa vigumu kulisema bila kulitumia neno lenyewe, kwa hiyo mwishowe akalisema tu. "Kufufua kwa fomu hii si kwa Yesu. Ni kwa Wesley."

"Wesley huyu anayeshindwa kuwasha jenereta?"

"Huyo huyo."

"Na mimi nimetia sahihi."

"Umetia."

"Hapana," alisema Mwalimu. "Mimi nikilala, niachwe nimelala. Sitaki kuamshwa njiani. Lete kalamu."

Hapo Orpah alidhani kazi imeisha. Alileta fomu mpya na kalamu, akamwekea kitabu cha nyimbo chini ya karatasi iwe ngumu. Akamwonyesha mahali. "Hapa, Mwalimu. Tia alama kwa La, halafu sahihi."

Kalamu ilisimama hewani.

"Na karatasi hii ikisomwa huko juu?"

"Huko juu ni ofisini tu. Ni ghorofa ya pili."

"Usinichekeshe, mbavu zangu bado nazitaka. Swali linasema kufufuliwa. Mimi nijibu La, kwa mkono wangu, katika umri huu, halafu nife wiki ijayo? Hilo ndilo neno langu la mwisho kuandikwa duniani? Mwanafunzi wangu yeyote akiliona atasema Mwalimu alikana imani kitandani."

"Mungu anajua maana yake."

"Mungu anajua. Wewe umejuaje? Wewe ulikosea mara ya kwanza."

Orpah aliomba, alibembeleza, alisema kwamba alama moja ndogo haiwezi kumwondoa mtu kaburini wala kumbakiza. Mwalimu alitikisa kichwa. Jibu lisiloeleza ni nusu ya uongo, alisema, na yeye hakuwahi kutoa alama kwa nusu. Kisha, kwa mwandiko uliotetemeka lakini uliokaa juu ya mstari, akaandika kando ya swali la nne: *La kwa Wesley. Ndiyo kwa Bwana.* Akatia alama kwenye visanduku vyote viwili, akaweka sahihi na tarehe.

Orpah aliisoma. Katika fomu zote alizowahi kuzishika, hakuwahi kuona jibu lililonyooka namna hiyo. Alijua pia kwamba halitapita.

Lilirudi baada ya wiki tatu, limegongwa muhuri wa rangi ya zambarau: IMEHARIBIKA. Chini yake mtu alikuwa ameeleza kwa adabu kwamba fomu yenye majibu mawili kwa swali moja haihesabiki, na kwamba kwa usalama wake mkaazi huyo ataendelea kuchukuliwa kuwa amejibu Ndiyo.

"Walipokea?" Mwalimu alimuuliza siku hiyo.

"Walipokea," alisema Orpah, na ni kweli walikuwa wameipokea.

Usiku huo alimwendea Wesley na kumwonyesha karatasi. Wesley alicheka alipoona jina lake, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hivyo ananikataa."

"Si wewe. Mikono yako."

"Sista, mimi nakuelewa. Lakini nikiacha, na ofisi ina Ndiyo, kesho niko mbele ya bodi, na leseni yangu haina hata miaka mitatu. Ukipiga kengele, nitakuja. Nikija, nitabana. Sina njia nyingine." Akamrudishia karatasi. "Mimi huja nikiitwa," alisema tena, taratibu, akaenda kulala.

Orpah aliyafikiria maneno hayo kwa miezi miwili. Alijua kwamba kwa mujibu wa kanuni za kazi, msaidizi akiona mgonjwa amezimia anapaswa kupiga kengele mara moja. Alizisoma kanuni mara mbili akitafuta tafsiri nyingine ya *mara moja*. Kwa upande mwingine kulikuwa na swali ambalo hakuweza kumpelekea mchungaji, kwa sababu mchungaji alikuwa mwenyekiti wa bodi ya Pumziko: je, kukaa tu ni kutenda? Alianza kuchelewa kulala. Alianza pia kubadilishana zamu na wenzake, bila kusema kwa nini, hata akawa yeye ndiye aliye zamu karibu kila siku katika upande ule wa vyumba.

Ilikuwa Sabato, mwezi wa Septemba. Wote waliojiweza walikuwa ukumbini kwenye ibada, hata Wangwe, kwa kuwa huko kulikuwa na viti vyenye mito. Wesley alikuwa langoni na simu yake. Orpah alikuwa chumbani kwa Mwalimu Bitutu akimkata kucha za vidole vya miguu, na Mwalimu alikuwa akimweleza kwamba watu wa redio siku hizi wanasema "masaa" kana kwamba lugha haina wenyewe.

"Ni saa," alisema. "Saa moja, saa mbili, saa..."

Orpah alingoja saa ya tatu. Haikuja. Aliinua macho. Mwalimu alikuwa akitazama dari, mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyekatizwa na mwanafunzi na anamngojea amalize.

Kengele ilikuwa ukutani, hatua mbili. Orpah alisimama. Alikwenda hadi ilipo, akaweka kidole juu yake, na kidole kilikaa pale kwa muda ambao hajui ulikuwa wa kiasi gani. Ukumbini walikuwa wanaanza wimbo. Aliondoa kidole, akaenda mlangoni, akaufunga, akageuza ufunguo.

Alimfumba macho, akamkunja mikono. Kisha, kwa kuwa ulikuwa umebaki mguu wa kushoto, akamaliza kumkata kucha. Mara moja alimchuna kidogo, akajikuta anasema samahani. Alikaa kwenye kiti. Wimbo uliisha, maombi yakafuata, mahubiri yakaanza na kuendelea. Mara mbili alisikia nyayo kwenye korido, na mara zote mbili hakuvuta pumzi hadi zilipopita. Hakujua kama alichokuwa akimfanyia Mwalimu ni wema, au kama alikuwa akijilipia deni la Onchiri kwa mwili wa mtu mwingine. Alijaribu kuomba, akaona kwamba hana la kuomba ambalo halianzi na kujitetea.

Mahubiri yalipoisha alifungua mlango na kupiga kengele.

Wesley alikuja mbio. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka viganja kifuani, tayari, mkono juu ya mkono. Halafu hakubana. Aligusa shavu, akagusa mguu, akakaa na mguu ule uliokwisha kupoa mkononi. Aliziona kucha zilizokatwa, zimekusanywa vizuri juu ya kitambaa.

"Sista, imetokea saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Wesley alimtazama, kwa muda mrefu kuliko kijana anavyomtazama mwanamke wa umri wa mama yake. Kisha akachukua faili, akatafuta kalamu mfukoni.

"Sasa hivi," alirudia, akaandika.

Orpah bado yuko Pumziko. Hali chakula vizuri, na ameomba asipewe tena kazi za kuandika. Bwana Angwenyi alikubali, akisema ni hasara kwa mwandiko mzuri kama ule.

Taarifa ya mwaka ilipelekwa kwa wakati. Katika jedwali la wazee waliofariki, mstari wa Mwalimu Bitutu unaonyesha kwamba alitaka kufufuliwa, na kwamba matakwa yake yalifuatwa. Saa ya kifo ni saa sita kasorobo, na sababu ya kifo ni moyo. Mahali pa maoni ya mkaazi pameachwa wazi.